Nani Kaweka Mionzi Kwenye Maziwa?

Tuseme umekabidhiwa chupa ya maziwa. Lita moja, haina lebo, haina jina la mfugaji. Unaambiwa: humu ndani kuna mionzi, tafuta ilikotoka. Hujui hata maziwa yametoka nchi gani. Una maabara tu. Utaweza?

Utaweza, tena kwa kiasi cha kushangaza, ila inategemea chupa imekufikia lini. Ukiipata ndani ya siku chache unaweza kukadiria tukio lilitokea siku gani. Ukiongeza rekodi za upepo, unaweza hata kunyoosha kidole kwenye shimo moja jangwani. Ukiipata baada ya miezi mitatu, sehemu kubwa ya ushahidi itakuwa imejifuta yenyewe, na hapo ndipo watu wenye jambo la kuficha hupumua.

Kabla hatujaenda mbali, tuondoe hofu moja. Maziwa yaliyoko kwenye friji yako leo yana mionzi. Kweli kabisa. Maziwa yana potasiamu nyingi, na sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani ni potasiamu-40, ambayo imekuwepo tangu dunia iumbike. Katika lita moja ya maziwa, atomi kama 50 za potasiamu-40 huvunjika kila sekunde. Kipimo chake tunaita bekereli: bekereli moja ni atomi moja inayovunjika kwa sekunde. Hizo 50 zipo siku zote, na mwili wako nao umejaa potasiamu hiyohiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia tu kwamba "maziwa yana mionzi", hajakuambia kitu. Muulize: ya nini?

Ng'ombe ni kifaa cha maabara

Bomu la atomiki linapolipuka, viini vya urani au plutoni hupasuka na kuacha vipande: isotopi mamia, nyingi zikiishi kwa sekunde au dakika tu. Zinapanda na moto, zinashikamana na vumbi, zinasafiri na upepo, kisha zinashuka, polepole zenyewe au kwa kishindo pamoja na mvua. Vumbi hili la nyuklia hutua popote: bati, barabara, bahari. Na majani.

Sasa mfikirie ng'ombe. Kutwa nzima anatembea na kukata majani kwenye eneo la makumi ya mita za mraba, haoshi anachokula, na jioni anakukabidhi muhtasari wa eneo hilo lote ndani ya ndoo. Ungetaka kubuni kifaa cha kukusanya vumbi dogo kutoka eneo kubwa, usingepata kilicho bora zaidi. Iodini iliyoanguka leo asubuhi itaonekana kwenye maziwa ya kesho, na hufikia kilele baada ya siku mbili au tatu. Anachopitisha ni kidogo, chini ya asilimia moja ya anachomeza kwa siku katika kila lita, lakini kinatosha. Mbuzi hupitisha zaidi ya hapo, na familia zinazokunywa maziwa ya mbuzi zimewahi kusahaulika kwenye hesabu kwa sababu tu waliopiga hesabu walikuwa watu wa ng'ombe.

Kati ya isotopi zote hizo, zinazotusumbua kwenye maziwa ni zile ambazo mwili unazidhania kuwa kitu kingine. Strontiamu inafanana na kalsiamu, hivyo inaingia kwenye mifupa na meno. Sesiamu inafanana na potasiamu, inakwenda kwenye misuli. Iodini haihitaji hata kujifananisha: ni yale yale madini joto unayoyasoma kwenye pakiti ya chumvi. Tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, inayahitaji ili kutengeneza homoni zake, na haina namna ya kujua kama atomi iliyoikamata ni iodini ya kawaida au ni iodini-131 itakayovunjika ndani yake wiki ijayo.

Na hapa ndipo mtoto anapoumia kuliko mzazi. Thairoidi ya mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 20 hivi. Ya mtoto mchanga ni gramu moja au mbili. Mkinywa wote glasi moja ya maziwa yaleyale, nguvu ya mionzi ileile inamiminwa kwenye kinyama kidogo mara kumi. Halafu mtoto ndiye mnywaji mkubwa wa maziwa nyumbani. Na kama chakula cha eneo hilo hakina madini joto ya kutosha, tezi yenye njaa itavuta zaidi. Yote matatu yalikutana baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986. Hadi mwaka 2005, zaidi ya kesi 6,000 za saratani ya thairoidi zilikuwa zimerekodiwa Belarus, Ukraine na maeneo ya Urusi yaliyoathirika, kwa watu waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilipitia kwenye maziwa.

Saa mbili zilizoanza pamoja

Kila isotopi ina nusumaisha yake, yaani muda ambao nusu ya atomi zake huwa zimeshavunjika. Ya iodini-131 ni siku 8. Baada ya siku 16 imebaki robo, baada ya siku 24 sehemu moja ya nane, baada ya siku 80 imebaki sehemu moja kwa elfu na kidogo. Haibembelezwi. Huwezi kuiharakisha wala kuichelewesha kwa kuchemsha maziwa, kuyagandisha au kuyaombea.

Jambo la kwanza linafuata hapo hapo: ukiona iodini-131 kwenye maziwa, kuna kitu kimetokea ndani ya wiki chache zilizopita. Si mwaka jana. Strontiamu-90, ambayo nusumaisha yake ni karibu miaka 29, inaweza kuelea juu kabisa ya angahewa kwa mwaka au zaidi, ikachanganyika na ya nchi nyingine, kisha ikashuka kwa wote. Kila serikali inaweza kusema "si yangu, ni ya jirani". Iodini-131 haina subira hiyo.

Sasa ngoja, hapa ndipo panaponoga. Pamoja na iodini-131 huzaliwa ndugu yake, iodini-133, ambaye nusumaisha yake ni kama saa 21 tu. Mlipuko wa bomu huwatoa wote wawili kwa mkupuo. Mwanzoni, kwa bekereli, iodini-133 ni kama mara 20 ya iodini-131. Baada ya siku moja ni mara 10 hivi. Siku ya tano ameshapitwa, yuko chini ya moja. Siku ya kumi amebaki chini ya sehemu moja kwa hamsini. Ni kama saa mbili zilizoanzishwa pamoja, moja ikienda mbio, nyingine taratibu. Ukiziona zinasoma nini sasa, unajua zilianza lini.

Kwa nini tushike uwiano, tusishike tu kiasi? Kwa sababu kiasi kinategemea mambo chungu nzima: mvua ilinyesha au la, majani marefu au mafupi, ng'ombe alikula malishoni au alipewa majani makavu zizini. Mambo hayo hubadilisha iodini zote mbili kwa pamoja. Kikemia ni kitu kimoja, na tumbo la ng'ombe haliwezi kuzitofautisha. Mradi unazingatia siku ambazo zimepita ndani ya mwili wake, uwiano unapita kwenye majani, tumbo, kiwele, ndoo na lori bila kuguswa. (Angalizo: hii ni kwa isotopi za elementi moja. Usilinganishe iodini na sesiamu ndani ya maziwa ukadhani unaona uwiano uliokuwa hewani. Ng'ombe hupitisha kila moja kwa kiwango chake.)

Strontiamu nayo ina jozi yake: strontiamu-89, ya siku 50, na strontiamu-90, ya miaka 29. Hiyo ni saa ya miezi, si ya siku. Kanuni ni ileile.

Utah, Julai 1962

Mwaka 1962 anga lilikuwa limechafuka. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umerudia majaribio ya mabomu Septemba 1961. Marekani ilikuwa inalipua mabomu Pasifiki, na wakati huohuo ikilipua mengine nyumbani kwake, kwenye jangwa la Nevada. Mashariki ya Nevada ni jimbo la Utah, lenye wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, na pepo mara nyingi huvuma kuelekea huko.

Tarehe 6 Julai kulifanyika jaribio lililoitwa Sedan. Lengo lilikuwa kuona kama bomu la nyuklia linaweza kuchimba bandari na mifereji, yaani katapila la atomiki. Bomu la kilotani 104 lilifukiwa karibu mita 194 chini ya ardhi. Lilirusha udongo wa tani milioni 12 hivi na kuacha shimo lenye upana wa karibu mita 390 na kina cha mita 100. Shimo lipo hadi leo, na watalii hupelekwa kuliona. Siku nane baadaye, tarehe 14, likafuata jaribio dogo zaidi, Small Boy, ambalo lililipuliwa karibu kabisa na uso wa ardhi. Milipuko ya namna hiyo ndiyo michafu kuliko yote, kwa sababu moto unameza udongo na kuugeuza kuwa vumbi la kubebea mionzi.

Mwezi huohuo Robert Pendleton, mwanasayansi wa mionzi na mazingira wa Chuo Kikuu cha Utah, alikuwa milimani karibu na Salt Lake City na wanafunzi wake, wakipima mionzi ya kawaida ya eneo hilo. Kazi ya darasani tu. Vipimo vikapanda ghafla. Kifaa kikifanya hivyo unaanza kwa kukilaumu kifaa. Lakini vifaa vyote haviwezi kuharibika dakika moja. Lilikuwa wingu.

Wengi wangeandika namba na kurudi nyumbani. Pendleton alijua kinachofuata: kama limeshuka hapa, limeshuka malishoni, na baada ya siku mbili au tatu litakuwa kwenye ndoo. Yeye na wenzake wakaanza kukusanya maziwa kutoka sehemu mbalimbali za jimbo na kupima iodini-131.

Utajuaje kwamba ni Nevada, si Pasifiki wala Siberia? Tazama sura ya ramani, si wastani wake. Vumbi lililovuka bahari limepata muda wa kutandazwa. Maziwa ya mashamba mengi yangepanda kidogo, kwa pamoja, kama maji yanavyopanda kwenye beseni. Vumbi la jirani huja na madoa: shamba hili liko juu sana, la ng'ambo ya mlima halina kitu. Halafu unachukua rekodi za upepo. Kumbuka upepo wa mita 1,000 juu na upepo wa mita 5,000 juu unaweza kwenda pande tofauti, kwa hiyo wingu la mlipuko mmoja huchanika vipande. Unarudisha kila kipande nyuma, saa kwa saa, kutoka kwenye doa hadi pale njia zinapokutana. Mwaka uliofuata Pendleton na wenzake walichapisha matokeo yao kwenye jarida la Science, wakihusisha iodini ya maziwa ya Utah na majaribio ya Nevada ya Julai.

Na maziwa je? Agosti 1962 maofisa wa afya wa Utah waliomba maziwa ya maeneo yaliyochafuka yapelekwe kutengeneza jibini na maziwa ya unga badala ya kunywewa yakiwa mabichi, na ng'ombe walishwe majani makavu yaliyovunwa zamani. Mtu asiyejua nusumaisha angesema hiyo ni hila: kumbe unatulisha sumu ileile kwa sura ya jibini? Hapana. Jibini inakaa ghalani miezi mitatu, na miezi mitatu kwa iodini-131 ni kifo. Kwa sesiamu au strontiamu ujanja huo usingesaidia kitu.

Bomu au kinu?

Turudi kwenye chupa yako. Umepima, umepata iodini-133 ikiwa mara 2.3 ya iodini-131. Unasema: aha, bomu, limelipuka siku tatu zilizopita. Hesabu yako ni sahihi, na bado unaweza kuwa umemsingizia mtu.

Kinu cha nyuklia hupasua viini vilevile, ila kwa miezi, si kwa sehemu ya sekunde. Ndani ya kinu iodini-133 huzaliwa na kufa kila siku hadi inafika mahali haiongezeki tena, huku iodini-131 ikiendelea kujilimbikiza kwa wiki kadhaa. Kinu kilichofanya kazi muda mrefu kikizimika leo, uwiano wao ni kama 2.3. Yaani bomu la siku tatu na kinu kilichopasuka leo vinaonekana sawasawa! Ukitegemea saa moja tu umekwama.

Anayekukwamua ni sesiamu. Sesiamu-137, ya miaka 30, hutoka kwenye mabomu na kwenye vinu. Sesiamu-134, ya miaka miwili, haitoki moja kwa moja kwenye mpasuko. Inahitaji kwanza sesiamu-133, ambayo ni tulivu, iwepo, kisha ipigwe na neutroni. Ndani ya bomu hakuna muda wa kusubiri hatua mbili. Ndani ya kinu muda upo tele. Kwa hiyo sesiamu-134 ni kama muhuri wa kinu. Mafuta ya Chernobyl yalitoa sesiamu-134 kiasi cha nusu ya sesiamu-137. Ya Fukushima, mwaka 2011, yalitoa karibu sawa kwa sawa, moja kwa moja. Hata baina ya vinu unaweza kutofautisha.

Kuna sehemu moja ambako muhuri huu ulifanya kazi nzuri, nayo ni Cumbria, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Tarehe 10 Oktoba 1957 kiligunduliwa kwamba kinu namba moja cha Windscale, kilichokuwa kikitengeneza plutoni ya mabomu, kilikuwa kinawaka moto. Iodini-131 ilitoka kwa wingi. Hakukuwa na kikomo kilichoandaliwa cha iodini kwenye maziwa. Wataalamu walikaa na kukipanga papo hapo, sawa na bekereli 3,700 kwa lita, wakimfikiria mtoto mchanga. Maziwa ya eneo lililofika karibu kilomita za mraba 500 yakapigwa marufuku kwa wiki kadhaa. Wafugaji walikamua kama kawaida, maana ng'ombe lazima akamuliwe, kisha maziwa yakamwagwa.

Miaka 29 baadaye, Mei 1986, mvua ya Chernobyl ikanyesha juu ya milima hiyohiyo. Kondoo wakazuiwa kuuzwa. Wafugaji wakauliza swali la haki: hii sesiamu ni ya Chernobyl kweli, au tunaficha ya jirani? Uwiano ukajibu. Chukua mfano: udongo una bekereli 100 za sesiamu-134 na 300 za sesiamu-137. Ya zamani, iwe ya Windscale au ya majaribio ya mabomu, haikuwa na sesiamu-134 iliyobaki. Kwa hiyo zile 100 zote ni za Chernobyl, na zimekuja na 200 za sesiamu-137. Zinazobaki, 100, zilikuwepo kabla. Sehemu za Cumbria zilipopimwa kwa njia hii, kiasi kikubwa cha sesiamu kikaonekana kuwa cha zamani. Wafugaji hawakuwa wakorofi. Walikuwa na hoja. Vizuizi vya mwisho vya kondoo Uingereza viliondolewa mwaka 2012.

Upo muhuri wa tatu, wa ukimya. Mwishoni mwa 2011 iodini-131 ilionekana hewani nchi kadhaa za Ulaya, kidogo sana, bila sesiamu yoyote. Bomu? Kinu? Vyote viwili vingeacha wenzake. Iodini-131 peke yake maana yake kuna mtu ameitenga kwa makusudi, na wanaoitenga ni watengenezaji wa dawa za hospitali. Ufuatiliaji uliishia kwenye kiwanda cha isotopi Budapest, Hungary.

Wastani unaoficha

Kama sayansi ilikuwepo, kwa nini maziwa ya miaka ya 1950 yalinyweka? Majibu ni mengi, lakini moja linaniudhi kuliko mengine, nalo ni wastani.

Aprili 1953, wanafunzi wa kemia ya mionzi kwenye chuo kimoja mjini Troy, jimbo la New York, waliingia maabara na kukuta vipima mionzi vyote vinasoma juu. Usiku ulikuwa umepita na mvua kubwa ya radi. Mwalimu wao, Herbert Clark, aliwatuma wapime madimbwi, mabati, majani. Chanzo kilikuwa bomu la Simon, lililolipuliwa Nevada tarehe 25 Aprili, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka hapo, siku moja na nusu tu nyuma. Wingu lilikuwa limepita juu ya miji mingi bila kuiacha na kitu, mpaka lilipokutana na mvua. Somo lilikuwa wazi: umbali haukulindi, na doa linaweza kutokea popote. Mwaka 1954 Lester Van Middlesworth wa Memphis akaonyesha iodini-131 kwenye thairoidi za ng'ombe wa machinjioni. Dalili zilikuwepo.

Lakini Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilipua na ndiyo iliyokuwa ikipima, ilipenda kuzungumzia wastani wa taifa na mionzi ya nje ya mwili. Gawanya doa moja kwa watu milioni 160 uone linavyopendeza. Mwanasayansi wa tume hiyohiyo, Harold Knapp, alikataa kugawanya. Alichukua vipimo vya mionzi ya ardhini vilivyobaki kwenye rekodi na kurudi navyo nyuma hadi mlipuko wa Harry, tarehe 19 Mei 1953, uliomwagia vumbi mji wa St. George, Utah. Hakukuwa na vipimo vya iodini kwenye maziwa vya siku zile, kwa hiyo akafuata mnyororo: kiasi hiki ardhini, kiasi hiki kwenye majani, kiasi hiki kwenye ndoo ya ng'ombe wa nyumbani, kiasi hiki kwenye tezi ya gramu mbili. Alipata kwamba watoto wachanga huko huenda walipata zaidi ya rad 100 kwenye thairoidi. Ripoti yake ilipingwa ndani ya tume kabla ya kutoka mwaka 1963.

Angalia neno "ng'ombe wa nyumbani". Maziwa ya mjini huchanganywa kiwandani kutoka mashamba mengi, safi na chafu, na husafiri siku kadhaa. Familia yenye ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba hainywi wastani. Inakunywa doa lenyewe, likiwa bado la moto.

Na hii hapa ndiyo sehemu ambayo ukiisoma unaweka simu chini kidogo. Januari 1951, bomu la kwanza la Nevada lilipolipuliwa, theluji yenye mionzi ilianguka Rochester, kwenye kiwanda cha filamu za picha cha Kodak. Kodak walikuwa na uzoefu: bomu la kwanza kabisa la 1945 lilikuwa limeharibu filamu zao kupitia maboksi yaliyotengenezwa Indiana, na mwanafizikia wao Julian Webb alikuwa amelitambua kwa kupima nusumaisha ya madoa. Wakalalamika. Tume ikakubali kuwapa taarifa za majaribio yajayo ili walinde malighafi zao. Filamu ilionywa. Mama wa St. George mwenye ng'ombe mmoja hakuonywa.

Bunge la Marekani liliagiza uchunguzi wa iodini-131 mwaka 1983. Taasisi ya Taifa ya Saratani ilitoa matokeo mwaka 1997, miaka 14 baadaye. Watafiti walilazimika kuijenga upya miaka ya 1950 kwa kutumia karatasi zenye gundi zilizokuwa zikitandazwa nje kunasa vumbi, rekodi za mvua, kumbukumbu za lini ng'ombe walitoka malishoni, na njia za malori ya maziwa. Wastani wa nchi nzima ulikuwa kama rad 2 kwenye thairoidi. Lakini baadhi ya wilaya za Idaho na Montana, mbali na eneo la milipuko, zilifika kati ya 9 na 16, na watoto wadogo kwa jumla walipata mara 3 hadi 7 ya wastani wa watu wote wa eneo lao. Idadi ya saratani za ziada ilikadiriwa kuwa kati ya 11,300 na 212,000. Upana huo haukutokana na uzembe wa hesabu. Ndiyo bei ya kupima iodini ya siku 8 baada ya miaka 40.

Kwenye maabara zetu

Huku kwetu chakula kinachoingia na kutoka hupimwa mionzi. Tanzania kazi hiyo ni ya Tume ya Nguvu za Atomu. Dar es Salaam pia kuna kituo kinachochuja hewa kila siku na kutafuta isotopi, kimojawapo cha mtandao wa dunia unaofuatilia majaribio ya nyuklia. Kwa maziwa, shehena inayokuja ni ya unga, na unga una mitego yake miwili.

Mtego wa kwanza ni wa kipimo. Baada ya Chernobyl, Ulaya iliweka kikomo cha sesiamu cha bekereli 370 kwa kilo kwa maziwa na vyakula vya watoto wachanga, lakini kwa unga hesabu hufanywa kama ulivyokwisha kukorogwa. Kilo moja ya unga hutoa lita kama nane. Mtu akikusomea namba ya unga mkavu bila kusema, anaweza kukutisha bure, au akikusomea ya maziwa yaliyokorogwa ukidhani ni ya unga, anaweza kukutuliza bure.

Mtego wa pili ni wa saa. Iodini itakuwa imeshakufa melini, kwa hiyo unabaki na sesiamu-134 na 137, na uwiano wao unaendelea kushuka mwaka hadi mwaka. Nusu kwa moja ya Chernobyl, na moja kwa moja ya Fukushima iliyokaa zaidi ya miaka miwili, zinaweza kusomeka sawa kwenye karatasi ya maabara. Kinachozitenganisha ni tarehe. Kwa hiyo ukipewa sampuli uipime, kitu cha kwanza kuandika kwenye daftari ni siku maziwa yalipokamuliwa au unga ulipotengenezwa, si siku mfuko ulipoletwa mezani kwako.